Meno ya Wageni

Somo la tiba ya usingizi liliwekwa saa nane mchana, na mtu yeyote aliyekaa Kisumu anajua saa nane mchana ni saa ya nini. Feni ya darasa ilizunguka kwa uvivu, harufu ya samaki wa kukaanga ilipanda kutoka vibandani nje ya ukuta, na sisi madaktari wa meno, watu wazima tuliorudi shuleni kutafuta shahada ya uzamili, tulisoma habari za usingizi huku tukipigana nao. Aliyetufundisha mwanzoni alikuwa daktari wa mapafu. Alipomwona mmoja wetu anasinzia, hakukasirika. Alimnyooshea kalamu na kusema, "Tumwulize huyu. Unasinzia kwa sababu umeshiba, au kwa sababu jana hukulala hata ukiwa umelala?"

Swali hilo lilibeba somo zima. Kuna watu ambao wakilala koo hulegea, ulimi hurudi nyuma, na njia ya hewa huziba. Wanakoroma, wananyamaza, kisha wanashtuka wakivuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini. Asubuhi hawakumbuki lolote. Wanajua tu kwamba wamechoka, na kwamba watu wa nyumbani wanalalamika. Kupima na kusema huu ni ugonjwa ni kazi ya daktari wa mapafu. Kazi yetu huja baadaye, nayo ni ndogo lakini ni yetu: kutengeneza kifaa cha kuvaa mdomoni usiku. Ni vipande viwili vya plastiki ngumu, kimoja cha meno ya juu na kimoja cha meno ya chini, vilivyounganishwa kwa skrubu ili vilivute taya la chini mbele kidogo. Taya likienda mbele, ulimi hufuata, na koo hufunguka.

Si wote waliolipenda somo hilo. Mwenzangu mmoja, mtu mnene mcheshi aliyekuja kusomea kupanga meno, alilalamika mbele ya mwalimu: "Miaka yote hii nimesoma, leo naambiwa nisikilize watu wakikoroma?" Mwalimu akatupa kila mmoja kifaa cha kupimia usingizi, mkanda wa kifua na kibanio cha kidole, tukalale nacho nyumbani. Majibu yalipotoka, aliyekoroma kuliko darasa zima alikuwa yeye. "Haya mngemwuliza mke wangu, angewaambia bure," alisema. Kuanzia siku hiyo alikaa mstari wa mbele.

Mimi somo nililipenda tangu mwanzo, na nilikuwa mzuri ndani yake. Wazazi wangu, Wakikuyu, walitoka Mkoa wa Kati wakiwa vijana, wakafungua duka la vyombo vya nyumbani hapa Kisumu, na mimi nilikulia nyuma ya kaunta, kimo changu kikifika kwenye videvu vya wateja. Niliangalia midomo. Nilijua nani ana jino la dhahabu na nani anaficha pengo kwa kiganja akicheka. Mama yangu alinifinya zaidi ya mara moja: "Wacha kuangalia watu mdomoni!" Nilikua, na hiyo ndiyo kazi niliyoichagua.

Mgonjwa wa kwanza niliyekabidhiwa katika somo hilo alikuwa mjane kutoka Ahero, karibu na miaka themanini, mrefu, mwenye mgongo ulionyooka, mwenye shamba la mpunga katika mradi wa umwagiliaji. Aliletwa na mwanawe wa pekee, anayefanya kazi ya bima Nairobi. Mwana alianza kuzungumza kabla sijauliza kitu.

"Daktari, mama analala kila mahali. Analala kanisani, hiyo ni sawa, hata mimi nalala. Lakini sasa analala akipika."

"Nililala mara moja," mama alisema.

"Sufuria tatu zimeungua, Mama."

"Moja ilikuwa mbovu tayari."

"Na mafuriko?"

Mwana akanieleza. Mvua za mwaka uliotangulia, mto Nyando ulivunja kingo kama ulivyozoea, na maji yakaingia bomani usiku. Majirani walibisha, wakaita, mwishowe wakavunja mlango. Walimkuta kitandani, maji yamefika kwenye mbao za kitanda, naye anakoroma.

"Sitaki kupigiwa simu ya aina nyingine," mwana alisema. "Mvua za masika zikifika bila mabadiliko, namhamisha Nairobi. Nimemtengenezea chumba. Kina dirisha."

"Dirisha inaangalia ukuta," mama alisema.

Mwana alipotoka kupokea simu, mama alinisogelea. Alizungumza bila haraka, kama mtu anayetaka aandikwe vizuri. "Nyathina," aliniita, yaani mwanangu, "huyu kijana yangu si mbaya. Ananipenda. Lakini boma ikikaa bila mtu, sisi tunaiita gunda. Nyasi inaota kwa mlango. Mume wangu amezikwa pale. Mimi nikienda, nani atafungua mlango asubuhi? Watu watapita waseme, hapa palikuwa na boma ya fulani. Palikuwa!"

Nilielewa basi kazi niliyopewa. Daktari wa mapafu alikuwa ameanza na mashine ya kupuliza hewa, ile inayovaliwa puani usiku, na ni tiba nzuri. Lakini umeme wa Ahero hukatika tone la kwanza la mvua likigusa bati, na mama mwenyewe alisema ni kama kulala na mbuzi anayekupumulia usoni. Kilichobaki ni kifaa cha mdomoni. Kikimfaa, atabaki kwake. Kisipomfaa, dirisha la ukuta.

Nikamwomba afungue mdomo. Magego yake yalikuwa imara kuliko ya watu wengi wa umri wangu. Ila meno sita ya mbele, chini, yalikuwa ya bandia, yamepangwa safi kwenye kibamba cha rangi ya ufizi. Nilikitoa, nikaona chini yake pengo pana, ufizi uliopona zamani sana, laini kama sabuni iliyotumika.

"Nak," nikasema.

Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Wewe mtoto wa Mkikuyu, nak umeijulia wapi?"

"Dukani kwetu, Mama. Wamama wa Awasi walikuwa wakinunua sufuria na kucheka."

Akacheka, na pengo likacheka naye. Nak ni hiyo: zamani Mjaluo alitolewa meno sita ya chini akivuka kutoka utoto, na yeye alikuwa katika wale wa mwisho mwisho. "Sikulia," alisema. "Dada yangu alikimbilia misheni. Meno yake yako yote mpaka leo, na maneno yake pia." Kisha akaninyang'anya kile kibamba na kukirudisha mdomoni kwa kidole gumba. "Hii kijana yangu alininunulia, harusi ya mjukuu. Kwa sababu ya picha. Hizi ni meno ya wageni."

Sasa, katika kupima taya hutumiwa kijiti cha plastiki chenye mfereji wa kung'ata kwa meno ya mbele ya juu, mfereji mwingine wa meno ya mbele ya chini, na rula katikati. Meno ya wageni yalikaa kwenye mfereji kana kwamba yalichongewa humo. Nilichukua nakala ya mdomo mzima kwa ule uji mzito unaoganda, nikapima, nikapeleka kwa fundi. Kifaa kiliporudi kiliingia kwa mlio mdogo wa kuridhisha. Mama akaenda nacho Ahero, nami nikangoja habari njema.

Kipimo cha pili kilirudi kama cha kwanza. Daktari wa mapafu alinitumia karatasi na juu yake neno moja: "Bado." Mwana alinipigia simu kutoka Nairobi. Hakupandisha sauti. "Daktari, naona mlimpa mama kitu ya kutafuna. Nimeshaongea na mtu wa pickup."

Darasani tulikuwa na desturi ya kuweka mgonjwa mezani, kwa maneno, na kila mtu anasema lake. Mwalimu wetu wa meno, mama mkali aliyetoka nje ya mkoa, alisema linalosemwa kitabuni: kipimo kisipobadilika, ongeza mwendo wa taya, zungusha skrubu. Lilikuwa jibu sahihi. Lakini skrubu haikunishawishi. Mtu anayevutwa taya mbele usiku kucha huamka na maumivu kidogo siku za mwanzo, na huyu mama, nilipomwuliza kwa simu, alisema hana maumivu hata kidogo. Kifaa kilikuwa kinalala tu humo ndani kama mgeni asiyesaidia kazi.

"Kabla sijazungusha chochote," nikasema, "nitaenda kumwona akienda kulala."

"Utajificha chini ya kitanda?" aliuliza yule mwenzangu anayekoroma.

"Nitaenda mchana. Atanionyesha."

Nilifika Ahero Jumamosi asubuhi. Mama alikuwa uani akipepeta mchele, ungo ukipanda na kushuka. Nilimkuta bila meno ya wageni. Aliponiona akatupa ungo, akaingia ndani mbio, akatoka akitabasamu kwa meno yote. Niliketi, nikanywa chai, nikauliza mambo ya kawaida. Mafuriko yalitokea upande gani? Alikuwa ameshika ungo tena, mikono haikuwa na nafasi, kwa hiyo alinielekeza kwa kidevu kama wafanyavyo watu wa huku: mto ule, kule, mbali. Nililiona hilo, nikalipita. Lilirudi baadaye.

"Mama, nionyeshe unavyolala. Fanya yote, usiruke kitu. Kana kwamba mimi sipo."

"Mchana? Majirani watasema mzee amekwisha."

"Waseme."

Alipenda mchezo ule. Alifunga mlango wa ua kwa komeo, akaingia chumbani. Akanawa uso. Akapiga magoti, akasali kwa Dholuo, lugha yake, na jina langu la kazi nikalisikia katikati: daktari. Akakaa kitandani. Akatoa kibamba cha meno mdomoni, akakitia kwenye kikombe cha maji chenye kifuniko. Kisha akachukua kifaa changu, akakivaa, akalala chali na kukunja mikono kifuani kama mtu wa picha.

"Mama," nikasema, "fungua mdomo."

Kipande cha chini kilikuwa kimeelea. Niligusa kwa kidole kikacheza huku na huku kama kiatu cha mtu mwingine. Bila shaka kingecheza: nilikichonga juu ya meno yaliyokuwa kikombeni, na meno hayo ndiyo niliyoyategemea kulivuta taya.

"Nani alikuambia uyatoe meno usiku?"

Alitoa kifaa ili ajibu vizuri. "Daktari ya meno! Alisema meno ya bandia hayalali kwa mdomo, yanalala kwa maji. Wewe si daktari ya meno?"

Ni kweli. Ndivyo tunavyowaambia wote. Mimi mwenyewe nimewaambia watu hivyo mara nyingi kiasi kwamba sikusikia tena ninachosema. Mama alikuwa amelitii agizo la daktari mmoja na la daktari mwingine kwa uaminifu uleule, na maagizo hayo mawili hayakuwahi kukutana.

"Na ulipoona inacheza, mbona hukuniambia?"

"Nilifikiri ndio kazi yake, kucheza."

Sote wawili tulicheka mpaka kuku wakatoka chini ya kitanda. Kisha akaacha kucheka. "Sasa, nyathina. Mvua iko karibu. Unaweza tengeneza?"

"Naweza," nikasema, na nilikuwa na hakika.

Hakika ile ilipata mtihani darasani Jumatatu. Nilipowaeleza kwamba nitatengeneza kifaa upya juu ya pengo lenyewe, bila meno ya bandia, mwalimu alitazama picha ya mdomo na kukunja uso. "Meno sita ya mbele yote? Huu ni ugonjwa wa ufizi. Magego nayo yatafuata. Hafai."

"Si ugonjwa. Ni nak," nikasema.

"Nyanya yangu alikuwa nayo," mwenzangu alidakia kutoka mstari wa mbele. "Alikula mahindi ya kuchoma mpaka siku ya kufa. Hayo magego ni ya kufungia ng'ombe."

Mwalimu alitusikiliza, akaangalia picha ya mifupa ya taya, akaona tulichosema. Alikuwa mtu wa haki. Lakini alikuwa na swali lililobaki, na lilikuwa swali zuri: "Bila meno ya mbele, kijiti cha kupimia kitashika wapi? Na ukimwambia asukume taya mbele, ana kitu gani cha kumwongoza?"

Nilishajaribu, kwa kweli. Kule Ahero nilimwambia mama asukume taya, akasukuma kichwa kizima. Nilimwambia tena, akasukuma midomo. Watu wengi hawajui taya lao linaweza kutoka peke yake. Ndipo nikakumbuka ungo.

Siku aliyokuja, darasa zima lilisimama nyuma yangu. Nilichora alama kwa penseli kwenye gego moja la juu na jingine la chini, nikamshika mikono yote miwili kwa upole ili asiitumie.

"Mama, mto Nyando uko wapi?"

Taya likatoka mbele, moja kwa moja, likaelekea mashariki. Nikapima umbali kati ya alama mbili. Huo ndio ulikuwa mwisho wa taya lake kwenda mbele.

"Na mlango uko wapi?"

Taya likatoka tena, safari hii kidogo tu, kwa sababu mlango ulikuwa karibu. Hapa watu hupima umbali kwa kidevu: kitu kikiwa mbali, kidevu kinasafiri zaidi. Nilipopima, mlango ulikuwa karibu nusu ya mto, pale hasa kitabu kinapotaka mtu aanzie.

"Baki hapo hapo mlangoni, Mama." Nikaweka nta laini juu ya magego, nikangoja igande.

"Umemaliza?" aliuliza kupitia nta.

"Usiongee. Uko mlangoni."

Nilimwona mwalimu akigeuka kando na kujaribu kidevu chake mwenyewe, kwanza kuelekea ziwa, halafu kuelekea meza.

Fundi alitengeneza kipande cha chini kwa namna nyingine kabisa. Kilishika magego ya pande zote mbili, na juu ya pengo kikavuka kama daraja nene. Mama alikivaa mbele ya kioo, akajaribu kukisukuma kwa ulimi, hakikutikisika. "Wazee walisema pengo ni ya kupitisha uji, ukishikwa na pepopunda mdomo ukafunga," alisema. "Sasa itapitisha pumzi."

"Pumzi inapita nyuma ya ulimi, Mama, si kwenye pengo."

"Wacha mimi niseme yangu."

Asubuhi ya pili alinipigia simu kulalamika kwamba taya linamuuma. Sijawahi kufurahia malalamiko ya mgonjwa kiasi kile. Nilimwambia avumilie na anywe chai polepole, na katika wiki chache zilizofuata tukasogeza skrubu kidogo kidogo, kutoka mlangoni kuelekea mtoni. Daktari wa mapafu alirudia kipimo. Koo lilikuwa bado linaziba mara mojamoja, aliandika, lakini ugonjwa umeshuka hadi kiwango cha kuishi nao. Nilimtumia mwana habari hiyo. Alijibu kwamba amesoma, amefurahi, na kwamba pickup ameiahirisha, hajaifuta. Karatasi, alisema, haijawahi kuamka mafuriko yakiingia. Sikumlaumu. Yeye ndiye aliyepigiwa simu ile ya kwanza.

Mvua zilikuja. Zilinyesha Kericho, kwenye vilima vya juu ya mto, siku kadhaa kabla hatujaona wingu zito huku kwetu, na kila mtu wa tambarare za Kano anajua maana yake: maji yako njiani. Kilichotokea nilihadithiwa na mwana mwenyewe, siku mbili baadaye, tukiwa tumesimama ukumbini nje ya kliniki. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, lakini alikuwa anacheka.

"Simu yangu imelia kabla ya alfajiri. Ni mama. Naskia mtu anaongea kama ana ndizi nzima mdomoni. Daktari, nilijua ni kiharusi. Nikaanza kulia. Nikamwambia, Mama, kaa chini, usisonge, natafuta gari. Yeye anazidi kunipigia kelele kwa hiyo lugha. Halafu naskia sauti yake safi: 'Nimeitoa sasa. Nimesema maji imefika kwa mlango ya jiko. Mchele nimeweka juu ya meza, kuku nimefungua, jirani nimeamsha. Mimi niko macho. Wewe lala!'"

"Na wewe ukalala?"

"Nani atalala? Nimepanda basi ya kwanza."

Maji yalikuwa yameishia kwenye kizingiti cha chumba safari hiyo. Alipofika nyumbani alimkuta mama anasukuma matope kwa ufagio, bila meno ya wageni, akimwuliza kama amekula. Alishinda siku nzima akimsaidia. Jioni akampigia mtu wa pickup, akamwambia atafute mzigo mwingine.

Nilikwenda Ahero mwishoni mwa mvua kukagua kifaa. Kilikuwa salama, na taya lilikuwa limeacha kuuma. Nilimwuliza anakiweka wapi mchana, kwa kuwa plastiki ile haipendi jua wala panya. Mikono yake ilikuwa ndani ya beseni la unga, kwa hiyo alinielekeza kwa kidevu, mwendo mfupi, ukutani kando ya kitanda. Kikombe chenye meno ya wageni kilikuwa chini, sakafuni. Lakini kijisanduku cha kifaa kilining'inia kwenye msumari mpya, juu kabisa ya ule mstari wa matope ambao mafuriko ya mwaka uliopita yaliuacha ukutani.